OCCT baada ya miezi minne: programu iliyonionyesha kiini kilichokuwa kinakosea

Faili lilikuwa la harusi ya Raskazoni, hapa Tanga, nikaha na sherehe pamoja, na nilikuwa nimelibana mara tatu kwa HandBrake, programu ya kupunguza ukubwa wa video, ili liingie kwenye flashi ya mteja. Mara ya kwanza kompyuta ilijiwasha upya kazi ikiwa imefika asilimia 61. Mara ya pili ikaja skrini ya bluu. Mara ya tatu ilifika mwisho, nikamshukuru Mungu, nikampelekea mama wa bibi harusi mwenyewe hadi mlangoni. Usiku akanipigia simu: "Mwanangu, usoni kwa binti yangu kuna viraba vya kijani." Nikafungua nakala yangu. Kweli, pale bwana harusi anapoinua ushungi, picha imevunjika vipande vya kijani kwa karibu sekunde nzima.

Kujizima kwa kompyuta nilikuwa nimekuvumilia kwa wiki kadhaa. Uso wa yule binti sikuweza kuuvumilia. Picha ya dakika ile hairudiwi, na mama yake aliniamini.

Naandika haya kuhusu OCCT kwa sababu ndiyo programu iliyonitoa kwenye shida hiyo, na kwa sababu najua wahariri wengi wa video wanaotumia kompyuta za kuunga kama yangu, wanahangaika na tatizo lilelile, wanabadilisha vifaa kimoja baada ya kingine bila kujua wanatafuta nini.

Kwanza mashine yenyewe. Ni Core i7-8700K ya mtumba, prosesa (ubongo wa kompyuta) iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2017. Ina viini 6, na kila kiini hushika kazi mbili kwa wakati mmoja. Kasi yake ya msingi ni GHz 3.7, na yenyewe inaweza kupanda hadi 4.7 kiini kimoja kikifanya kazi peke yake. Herufi K mwishoni maana yake ni kwamba kizidisho, namba inayopanga kasi, hakikufungwa, mwenye nayo anaruhusiwa kukipandisha, yaani kufanya ovaklokingi. Mtoto wa dada yangu, anayesoma Dar es Salaam, ndiye aliyeniungia wakati wa likizo. Akaweka kizidisho 50 kwa viini vyote, mara MHz 100, ikawa GHz 5.0. Alijaribu mchezo mmoja kwa saa mbili, haukukwama, akaniambia, "Mama mdogo, mashine yako sasa inakimbia." Akarudi chuoni. Hakuna ubaya alioufanya kwa makusudi, na saa mbili za mchezo ni jaribio ambalo watu wengi huliona latosha. Halitoshi, na hapo ndipo thamani ya programu hii ilipo.

Kabla sijaijua OCCT nilikuwa nimeshafuata njia tatu. Nilidhani ni umeme, nikanunua UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika. Nilimwita fundi mmoja wa hapa mjini, akaangalia Event Viewer, daftari ambamo Windows huandika yaliyotokea, akaona tukio la Kernel-Power namba 41 limejirudia mara nyingi, akasema pawa saplai imekufa na huenda na mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta, imeungua. Bei aliyonitajia ilikuwa karibu na gharama ya kuunga mashine nyingine. Nawasihi wenzangu mlijue hili: namba 41 inasema tu kwamba Windows iliamka ikakuta haikuzimwa kwa utaratibu. Haisemi ni kwa nini. Kompyuta iliyoganda kwa sababu ya prosesa kukosea itaacha alama hiyohiyo sawa na iliyochomolewa waya ukutani.

Njia ya tatu ilikuwa RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Niliwasha MemTest86 kutoka kwenye flashi, nikaiacha usiku kucha ikapita raundi zake nne za toleo la bure. Kosa sifuri. Hiyo ilinisaidia, maana niliweza kuiacha RAM kando kwa moyo mweupe nikaangalia kwingine.

Sasa OCCT. Jina lake ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha chombo cha kukagua ovaklokingi. Imetengenezwa Ufaransa, na toleo la bure ni kwa matumizi binafsi. Fundi anayeitumia dukani kwa wateja anatakiwa kulipia. Unapakua faili moja, unalifungua, hakuna kusakinisha. Skrini inaonyesha majaribio upande mmoja (prosesa, kumbukumbu, kadi ya picha, pawa saplai), na upande mwingine joto, volti na kasi, vyote vikisogea mbele ya macho yako.

Kinachoitofautisha na kuendesha tu kazi nzito ni hiki: inajua jibu sahihi la kila hesabu inayoipa prosesa. Inampa kila kiini hesabu, inapokea jibu, inalinganisha. Kiini kikikosea hata mara moja, inahesabu kosa na kukutajia ni kiini gani, hata kama Windows inaendelea kana kwamba hakuna kitu. Hili ndilo sikuwa nalielewa. Nilidhani kompyuta ama inafanya kazi ama inajizima. Kumbe katikati kuna hali ya tatu, ambayo prosesa inatoa majibu yasiyo sahihi na kazi inaendelea. Jibu baya likiangukia kwenye programu ya mfumo, skrini ya bluu. Likiangukia kwenye video, viraba vya kijani usoni kwa bibi harusi.

Jaribio la kwanza nililifanya Jumapili asubuhi, chumba changu hapa Ngamiani kikiwa na joto la nyuzi 31. Nikachagua jaribio la prosesa, seti ndogo ya data, na maelekezo (amri ambazo prosesa huzifuata) ya aina ya SSE. Saa nzima, hakuna kosa. Nilishusha pumzi kwa huzuni, nikidhani na hii nayo haitanionyesha kitu. Nikampigia mtoto wa dada. Akaniuliza HandBrake nimeiwekea nini. Nikamwambia x265, njia yake mojawapo ya kubana video. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama mdogo, hiyo inatumia AVX2. Badilisha hapo kwenye maelekezo, weka AVX2, rudia."

Nikarudia. Dakika ya sita, mstari mwekundu: kosa, kiini namba 4. Dakika ya saba, kosa jingine, kiini hichohicho. Joto lilikuwa limefika 93. Nilipiga picha skrini nikamtumia WhatsApp mikono ikinitetemeka, kwa sababu baada ya wiki zote zile hatimaye kulikuwa na kitu cha kukielekezea kidole.

AVX2 ni maelekezo yanayomwezesha kila kiini kuchukua fungu kubwa la namba kwa hatua moja. Kazi inakwenda haraka, ila umeme unaotumika unapanda sana kuliko kazi ya kawaida. Na hapa grafu ya OCCT ilinifundisha jambo ambalo nisingeliona kwa njia nyingine. Kazi ikiwa nyepesi, volti ya prosesa ilisoma 1.26. Jaribio la AVX2 lilipoanza, mstari ulishuka hadi 1.21 na kubaki hapo. Ni kama nyumba ya wapangaji sita wenye tangi moja juu ya paa: mmoja akifungua bomba, maji yana nguvu, wote sita wakifungua pamoja, la chumba cha mwisho linatoa uzi tu. Kiini namba 4 ndicho kilikuwa chumba cha mwisho. Kila prosesa ina kiini kilicho dhaifu kuliko wenzake, na kasi ya kuaminika ya viini vyote ni ile ambayo hicho kimoja kinaiweza.

Nilitaka uthibitisho wa pili, kwa hiyo nikarudi Event Viewer. Safari hii sikutafuta namba 41. Nilitafuta WHEA-Logger, ambako Windows huandika makosa ya vifaa, na nikakuta tukio namba 19 zaidi ya mara thelathini kwa mwezi mmoja, mengine siku ambazo kompyuta haikujizima kabisa. Namba 19 ni kosa la vifaa ambalo prosesa ililigundua na kulirekebisha yenyewe. Ndani yake kuna namba ya APIC, inayotambulisha kila moja ya zile nafasi mbili za kazi za kiini. Karibu yote yalisema 8 au 9. Kwa prosesa hii yenye viini 6 na kazi mbili kwa kila kiini, namba hizo zinaanzia 0 hadi 11, unagawa kwa mbili: 8 na 9 ni kiini namba 4. Windows ilikuwa inaniandikia jibu mwezi mzima na sikujua pa kusoma. Yule fundi naye hakushuka chini ya mstari wa kwanza.

Kabla ya kugusa chochote nilirudisha BIOS, mahali pa mipangilio ya msingi ya kompyuta, kwenye mpangilio wa kiwandani, nikaendesha AVX2 tena. Saa nzima bila kosa hata moja, joto 79. Hatua hii naiona ya lazima kuliko zote na ni ya bure. Iliniambia kwamba prosesa ni nzima, mazabodi ni nzima, pawa saplai ni nzima. Kilichokuwa kibaya ni namba tulizoziandika sisi. Zile fedha alizotaja fundi zilibaki mfukoni.

Kilichofuata kilichukua jioni nne. Nitaeleza iliyonifunza zaidi.

Mtoto wa dada alipendekeza turudishe mpangilio wake wa 5.0 kama ulivyokuwa, ila tuongeze volti hadi 1.32. Tukajaribu. Makosa yakaisha, ila joto lilipanda hadi 95, na prosesa hii ikifika 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Nilikuwa nimeiwekea OCCT ijisimamishe ikifika 95, na ilijisimamisha. Hiyo sehemu ya kuweka kikomo cha joto msiiruke. Jaribio hili linapasha moto kuliko karibu kazi yoyote ya kweli mtakayoifanya, na si la kuliwasha kisha ukaenda sokoni. Nikafungua kasha, nikapuliza vumbi kwenye hitisinki, chuma cha kupozea prosesa, nikakuta pesti ya joto imekauka kama udongo. Kuipaka upya kulishusha nyuzi 6. Bado haikutosha kwa 1.32.

Na hapa nasema kwa mkazo kwa yeyote anayeishi pwani. Zile namba za watu wa intaneti, "5.0 kwa volti kadhaa, joto 80", nyingi zinatoka kwenye vyumba vya nyuzi 20 au 22. Feni haiwezi kupoza prosesa chini ya joto la hewa inayoivuta. Chumba chako kikiwa na 31, ongeza nyuzi 9 hadi 11 juu ya kila namba unayoisoma. Namba iliyo salama kwa mtu wa Ulaya kwenye chumba chake cha baridi, kwako Tanga mwezi wa Februari iko ukingoni. Nilikuwa nimesoma makala nyingi kabla ya kununua na sikumbuki hata moja iliyotaja joto la chumba mwanzoni, ambapo ndipo lilipostahili kuwa.

Basi tukashuka. Kizidisho 48 kwa kazi ya kawaida. Kwa AVX tukaweka punguzo la 2, maana BIOS inaruhusu prosesa ijipunguze yenyewe inapokutana na maelekezo hayo, kwa hiyo HandBrake ikiwa na x265 inafanya kazi kwa 4.6. Volti 1.25, na ule mpangilio wa mazabodi unaozuia volti isishuke sana mzigo unapokuja tukauweka katikati, si juu kabisa. OCCT ikaendeshwa tena: AVX2 seti ndogo, saa moja, kosa sifuri, joto 84. AVX2 seti kubwa, ambayo inaigusa na RAM, saa moja, kosa sifuri. SSE, saa moja, sifuri. Kisha nikakitenga kiini namba 4 peke yake, kwa sababu programu inakuruhusu kuchagua, nikakitesa saa nzima. Sifuri.

Harusi ya Raskazoni nikaibana upya. Kwa 5.0 ilikuwa inachukua dakika 50 ikibahatika kufika mwisho. Kwa 4.6 ilichukua 54 na sekunde kadhaa. Dakika nne. Wiki sita za kukosa usingizi zilikuwa kwa ajili ya dakika nne. Nikaliangalia faili lote kwa macho yangu mwanzo hadi mwisho kabla sijalipeleka, na pale kwenye ushungi nikarudia mara mbili. Uso wa binti ulikuwa msafi.

Sasa mahali OCCT isipofika. Siku tano baada ya hapo, kompyuta ilijiwasha upya nikiwa jikoni, hakuna kazi yoyote inayoendelea, kivinjari tu kimefunguliwa. Nilikaa chini. Nikaendesha OCCT, saa nzima, kosa sifuri. Nikarudia na seti nyingine, sifuri. Hapo ilinibidi nielewe kwamba programu hii inauliza swali moja: je, prosesa inamudu mzigo? Kompyuta yangu ilikuwa inakufa ikiwa haina mzigo.

Tulilipata kwenye BIOS. Kule mwanzo mtoto wa dada, ili kupunguza joto, alikuwa ameweka punguzo la volti la 0.09, na tulipobadilisha vingine hilo lilibaki palepale. Tatizo la punguzo la namna hiyo ni kwamba linashusha volti ya kila kasi, ya juu na ya chini. Prosesa ikipumzika hushuka hadi MHz 800 na kutumia volti ndogo sana. Ukiipunguzia tena hapo, haina pa kusimama. Tukaondoa punguzo lote, tukaiandikia moja kwa moja volti ya kasi ya juu inayotuletea ile 1.25, na kasi za chini tukaziacha zitumie volti za kiwandani. Nikaendesha majaribio yote ya OCCT upya kuanzia mwanzo, kwa sababu ukigusa volti matokeo ya nyuma hayana kazi tena. Yakapita. Kisha njia pekee iliyobaki ilikuwa kuiacha kompyuta wazi bila kazi, usiku na mchana, na kuangalia WHEA-Logger kila asubuhi. Wiki mbili, hakuna tukio.

Kwa hiyo mtu akiniambia "OCCT imepita, mashine iko salama", nitamuuliza imepita ikiwa na maelekezo gani, seti gani, na je, ameiacha ikapumzika? Jaribio la SSE peke yake lingenidanganya kabisa, na kama nisingekuwa na mtu wa kunitajia AVX2 ningeamini prosesa ni nzima nikarudi kumlaumu mtu wa umeme. Naona wangeweka onyo kubwa la wazi kwenye jaribio la kwanza. Anayeanza hajui tofauti ya maelekezo hayo na hapaswi kulazimika kuijua ili apate jibu la kweli. Ushauri wangu kwake: anza na AVX2 seti ndogo, kisha kubwa, mengine baadaye.

Kikomo cha saa moja cha toleo la bure sikukiona kizito kwa matatizo kama langu. Kosa la volti lililo wazi mara nyingi linajitokeza mapema. Kwa mtu anayetaka kuthibitisha usiku kucha, atalipia au atarudia mwenyewe kila baada ya saa.

Niliyempelekea kwanza ujuzi huu ni kijana mmoja wa Barabara ya 14 anayerekodi kaswida. Kompyuta yake ilikuwa inakwama kila anapomaliza kuchanganya sauti. Tuliiendesha OCCT kwake, prosesa ikapita yote, AVX2 na SSE, joto 70. Ikapatikana kwamba tatizo halikuwa kwenye prosesa kabisa. Jaribio la kumbukumbu ndilo lililojaa makosa tangu dakika ya pili, na tulipozima XMP, mpangilio unaoikimbiza RAM kuliko kasi ya kawaida, yakaisha. Kwa hiyo hata "hapana" ya programu hii ina thamani, inakufungia mlango mmoja ili usipoteze fedha huko.

Mtoto wa dada alikuja likizo ya mwezi wa sita. Aliomba turudi 5.0 kwa kuwa kumepoa, chumba kilikuwa na nyuzi 25. Nilimkatalia, naye akaelewa nilipomfungulia ile nakala yenye viraba vya kijani, ambayo sijaifuta. Kwenye ubavu wa kasha tumebandika karatasi yenye mwandiko wake: 48, punguzo la AVX 2, volti 1.25, na tarehe ya jaribio la mwisho. Chini yake nimeacha nafasi ya tarehe ya Desemba, joto likianza kurudi.